Tangazo la Tatu la Papa Ildephonse

Mheshimiwa Shefu wa kartiye, mtaa wetu wa Kilibula, Bwana Padiri, wazee wa parokia, wasomaji mliotoka kule mpakani Kavimvira, na wewe mzee wetu Papa Ildephonse, mwenye siku: ninawasalimia kila mmoja kwa cheo chake, na waliokosa viti ninawasalimia mara mbili.

Mimi ni Fabiola, mwandishi wake kwa miaka kumi na mmoja. Ameniomba niseme maneno ya kuaga, kwa sababu leo, nikishamaliza, anafunga tovuti yake ya habari za michezo ya video. Ameniomba pia nisilie. Nimeweka alama kwenye karatasi pale ambapo sitakiwi kulia.

Je, ilianza na kompyuta? Hapana. Ilianza na ubao wa chaki kwenye salle, ukumbi mmoja wa michezo ya video, mtaa wa Nyamianda. Papa Ildephonse alivuka mpaka, akaingia cyber ya intaneti Bujumbura, akanakili kwenye kaye, daftari lake, habari za tovuti kubwa za Ulaya, akarudi kutuandikia. Zamani hizo tovuti kubwa ziliandikwa na watu wachache waliopenda kucheza. Baadaye zikajaa biashara, kisha video, na sasa mashine inaandika habari na mashine nyingine inaisoma. Sisi tulitoka kwenye ubao tukaingia blogu, tukatoka blogu tukajenga tovuti, kila mara tukiwa wa mwisho.

Kwa nini wa mwisho? Bwana Padiri anajua. Papa Ildephonse alikuwa msomaji wa matangazo ya ndoa kanisani, na hakujua njia nyingine ya kutangaza jambo. Kila mchezo mpya aliutangaza Dominika tatu, na chini yake akaandika: mwenye kujua kizuizi aseme. Kizuizi kikipatikana, habari inaondolewa. Tulichekwa sana. Kuna mchezo tulioutangaza mara ya tatu watu wakiwa wameshaumaliza.

Lakini mnaukumbuka ule mchezo wa mpira uliotangazwa na dunia nzima siku moja. Thaddée, jirani yetu, alitaka kuuza televisheni yake anunue mashine ya kuuchezea. Tulimuuliza ataichomeka wapi, akasema ataona mbele. Tukamwomba angoje Dominika ya tatu. Ijumaa kabla ya Dominika hiyo, Habonimana, anayebadilisha pesa pale Kavimvira, akatuandikia kwamba watengenezaji wameacha kuutengeneza. Tovuti kubwa ziliomba msamaha. Sisi hatukuwa na la kuombea msamaha. Televisheni mnayoiona hapa ni ya Thaddée, ametuazima.

Papa Ildephonse, nilipofika kwako nilitaka kila habari itoke saa ileile. Hukunigombeza. Ulisema tu, "Weye Fabiola, andika. Tutaona Dominika." Nilikukasirikia mwaka mzima. Leo ninakupenda kama baba, na hapa ndipo penye ile alama.

Kufungwa kwa tovuti umekutangaza Dominika mbili zilizopita, na leo asubuhi mara ya tatu. Chini uliandika kama kawaida. Hakuna aliyejibu, mimi nilikuwa ninaandika hotuba.

Papa, minye niko na kizuizi. Wiki iliyopita tulianza kutangaza mchezo mmoja, umebakiza Dominika moja, na wasomaji wanangoja. Nitaubeba mimi, huo na michezo itakayofuata. Kwa sheria yako mwenyewe, habari ya kufunga inaondolewa.

Asanteni nyote kwa kunivumilia. Papa, kaa kwanza, hujaruhusiwa kuondoka.