Mwitikio Ulikuwa Mzuri

Benchi lile limebanwa kati ya duka la kinyozi na kibanda cha fundi viatu. Mguu wake mmoja umeegemezwa kwenye tofali, na anayekalia upande huo hujifunza haraka kunywa kahawa bila kucheka. Mbele ya benchi kuna jiko la mkaa la Mama Birika, mbele ya jiko kuna daraja fupi la saruji, na ng'ambo ya daraja ni mji mwingine. Miji yenyewe ni midogo, inaitwa miji kwa heshima tu, na imekaribiana kiasi kwamba ukikaanga kitunguu huku, wa kule wanajua kabla hujakigeuza. Siku hiyo Mama Birika alifika kazini macho mekundu. Jana yake mchana mwizi aliingia kwa wifi yake, fundi cherehani wa ng'ambo, akatoka na cherehani. Asubuhi Mama Birika alipita kumwona, akamkuta ametoka zahanati na vidole viwili vya mkono wa kulia vimevunjika. Wifi hakutaka kusema mengi. "Nenda kazini, tutaongea," alisema. Basi akaenda kazini, na huko akawakuta wale watatu wameshakaa, na wameshajua kila kitu.

Hao watatu ndio benchi lenyewe. Kuna Kamanda, seremala, kiongozi wa ulinzi wa mtaa, ambaye filimbi haimtoki shingoni hata akienda kuoga. Kuna Redio, kinyozi, asiyehitaji betri. Na kuna Hakimu, fundi viatu, mwenye methali nyingi kuliko misumari. Tatizo lake ni pa kuzipigilia.

– Mimi nasema hivi, alianza Kamanda. Tusijilaumu. Mwitikio ulikuwa mzuri.

– Mzuri mno! alidakia Redio. Mimi nilikuwa na kichwa cha mtu mkononi, nusu nimenyoa, nusu bado. Nikasikia filimbi tatu za shida. Nikamwacha mteja kwenye kiti, nikatoka mlangoni, nikajibu. Moja ndefu, ya kushiba.

– Nilikusikia, alisema Hakimu. Na mimi nikajibu, gundi ikiwa mbichi kwenye soli.

– Upande wa sokoni wakajibu. Kule kisimani wakajibu. Yaani jana, jamani, mji ulilia wote!

Kamanda alitikisa kichwa kwa fahari. Yale yalikuwa makubaliano yake mwenyewe. Wezi walipozidi, wakubwa wa miji yote miwili walikutana darajani wakaafikiana: mwenye shida apige filimbi tatu fupi, na kila anayesikia ajibu moja ndefu, ili mwizi ajue kazingirwa. Kila nyumba ikanunua filimbi. Tangu hapo kujibu limekuwa jambo la heshima, na asiyejibu huulizwa kesho yake alikuwa wapi. Kuna mzee mmoja wa nyuma ya soko hujibu akiwa kitandani, shuka hadi kifuani, na watu wanamtolea mfano.

– Nendeni basi mkampe pole, alisema Mama Birika akimimina. Daraja lile pale.

– Tutakwenda, Mama. Hilo usitie shaka, alijibu Kamanda. Lakini tukifika tutamwambia nini? Lazima kwanza tujue chanzo.

– Chanzo ni mwizi.

– Mwizi ni matokeo, Mama. Mimi naongelea chanzo.

Mama Birika alimtazama seremala huyu, mtu mzima mwenye wajukuu, akatamani kummwagia birika zima. Akampa kikombe.

– Chanzo ni upepo, alisema Redio. Jana ulikuwa unatoka kule kuja huku. Filimbi ya yule mama ikaletwa hapa vizuri kabisa, lakini sisi tukijibu, upepo unaturudishia mdomoni. Mwizi hakutusikia. Sasa asiyejua kwamba kazingirwa, atakimbia vipi?

– Kweli hiyo, alisema Kamanda.

– Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, alisema Hakimu.

Wenzake walimgeukia.

– Inaingiaje hapo?

– Mwizi si ni mgeni? Sasa huyu kakaa kitambo kidogo tu, hata hiyo siku ya pili hajaiona. Jembe angepewa saa ngapi? Ndiyo mjue hawa watu wana akili.

– Jamani, nendeni mkampe pole, alisema Mama Birika. Mtu amekaa peke yake na mkono umefungwa, hana hata wa kumshikia sufuria.

– Tunakwenda, Mama, tunamalizia kahawa. Ila mimi kuna kitu kinanisumbua, alisema Kamanda, akashusha sauti kana kwamba mwizi yuko chini ya benchi. Jana katika zile filimbi kulikuwa na moja si ya kwetu. Mimi sikio langu silo la jana. Ilikuwa inakwaruza. Wenzangu, wezi nao wana filimbi! Wanajibu pamoja na sisi ili tuwaone wenzetu!

– Mungu wangu! alisema Hakimu.

– Ile ya kukwaruza ni yangu, alisema Redio. Ilitumbukia kwenye sabuni ya ndevu.

– Una hakika?

– Hii hapa. Niipige?

– Usipige! alifoka Mama Birika. Ukipiga watajibu mpaka jioni!

Kamanda hakupenda kuipoteza nadharia yake bure, akawa anakoroga kahawa isiyo na sukari. Hakimu akaona nafasi imepatikana, akaingia.

– Tujiulize, hizi filimbi nani alituuzia? Yule bwana alikuja mwenyewe, nyumba kwa nyumba, na mfuko begani. Hatukumwita. Sasa mtu anayeuza filimbi anataka nini duniani? Anataka wezi! Wezi wakikosekana, atamuuzia nani? Mchumia juani hulia kivulini.

– Kwa hiyo muuza filimbi ndiye mwizi?

– Sikusema ndiye. Nimesema anawasomesha.

– Anawasomesha! Redio aliruka, akasahau mguu ule wa benchi, kahawa ikamrukia gotini, wala hakuisikia. Sasa umenifungua macho. Wanasomeshwa, na wanachaguliwa. Mnajua wanachagua nani? Viziwi! Ndiyo. Unamtuma mtu kiziwi, mpigie filimbi, mpigie ngoma, mpigie bunduki, yeye anachukua cherehani taratibu, anaondoka zake. Hatutishi tena, jamani. Tumezidiwa elimu.

Mama Birika aliweka birika chini. Alikuwa amechoka, tena si uchovu wa miguu.

– Redio, baba yangu, nisikilize. Huyo mwizi kaongea na wifi yangu. Kaingia na suruali, kasema kiuno kimelegea, ipunguzwe. Wifi kamuuliza kiasi gani, naye kamjibu. Kiziwi gani huyo?

Redio alifikiri.

– Alisoma midomo, alisema.

– Wanafundishwa, alithibitisha Hakimu.

Kwa kuwa chanzo sasa kilikuwa kimepatikana, Kamanda alishika tena uongozi. Alisimama, akavuta suruali juu, akaeleza utaratibu mpya. Mwenye shida atapiga tatu. Wao watajibu moja. Hapo mwenye shida, badala ya kunyamaza tu, ajibu lile jibu, kwa mbili, ili wajue kwamba kajua kwamba wamejua. Kisha wao watajibu hizo mbili.

– Jibu la jibu la jibu, alisema Redio kwa heshima kubwa.

– Na mwizi wakati huo? aliuliza Mama Birika.

– Mwizi atachanganyikiwa.

– Tatizo la yule mama, alisema Hakimu akijinyoosha, ni hilo hilo, hakuna aliyemwelekeza. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Sasa yeye kavunjika vidole tu. Ina maana kidogo alisikia.

Hapo Mama Birika alikigonga kikombe mezani hata mpini ukakatika.

– Hakimu! Huyo unayemchekea vidole ni dada wa mume wangu! Mume wangu alipofariki, nguo nyeusi niliyovaa kaishona yeye usiku kucha, hakunitoza kitu. Mkono wake ndio shamba lake. Tangu asubuhi nawaambia nendeni, nendeni, na daraja mnaliona, mtu mwenye goti bovu analivuka kabla kahawa haijapoa! Nyie mnanipigia hesabu za upepo! Hamna haya? Hivi hamna haya nyie watu?

Walitazama chini. Hakimu alisema samahani Mama, akasema tena, akataka kuongeza methali, Kamanda akamkanyaga. Mama Birika akawapa mgongo, akainamia jiko, akapepea mkaa uliokwisha kuwaka zamani, ili wasimwone uso. Hasira yake ilikuwa imechanganyika na kitu kingine ambacho hakutaka kukitazama.

Wakati huo mwanamke mmoja alikuwa anashuka darajani, mwembamba, polepole, mtandio umemfunika mabega na mikono yote. Pale benchini hakuna aliyemfahamu. Kamanda alifurahi kuona mtu mpya, maana benchi lilikuwa limeingia baridi.

– Karibu mama, karibu ukae. Si upande huo, upande huu.

– Ahsante. Nitasimama tu. Samahani, baba zangu, filimbi za jana mchana, zile ndefu, ni za huku?

– Za huku! Kamanda alipanua kifua. Ulizisikia?

– Nilizisikia sana.

– Unaona, Redio? Upepo si hoja! Mama, jana mwitikio ulikuwa mzuri. Hapa ulipo umesimama mbele ya filimbi tatu, na huko nyuma kulikuwa na nyingine nyingi.

– Na nilizisikia zote, alisema yule mwanamke. Ndiyo maana nimekuja. Nilitaka kumjua yule aliyekuwa njiani.

– Njiani wapi?

– Njiani kuja.

Mama Birika aliitambua sauti, akageuka na pepeo mkononi.

– Wifi! Si nilikuacha umelala?

Mtandio ulikuwa umeteleza, na bandeji ikaonekana, nene, nyeupe, imefika kwenye kifundo cha mkono. Redio alisimama. Hakimu naye akasimama. Kamanda, aliyekuwa amesimama tayari, akaketi.

– Nililala, wifi, usingizi haukuja, alisema fundi cherehani. Nikasema niende nikashukuru. Maana niliposhika gurudumu la cherehani kwa mkono huu, filimbi nilikuwa nayo kwa mkono wa pili. Nikapiga tatu, kama tulivyoambiwa. Mkajibu. Haki ya Mungu, nilifurahi! Kila mlio nikauhesabu mtu. Yule mwizi anavuta, mimi navuta, namwambia, vuta tu, watu hao wanakuja. Nikijiambia moyoni, vumilia, wa kwanza keshafika darajani. Akaona siachii, akaibamiza cherehani kwenye mlango, vidole vyangu vikiwa katikati.

Hakuna aliyekunywa.

– Ningejua niko peke yangu ningeiachia mapema, alisema. Cherehani ni chuma tu. Ningelia, nikanyamaza. Lakini nilisikia mnakuja. Kwa hiyo nikadhani, pengine kuna mtu alitoka, akachelewa, akakuta yameisha akarudi. Nisingependa nimkute njiani nisimshukuru. Ni nani?

– Mimi, mama, nilikuwa na kichwa cha mtu, alisema Redio, na mara hii sauti yake haikwenda mbali.

– Gundi ikikauka... alisema Hakimu.

Kamanda alisema kwamba alipowasikia wa sokoni wamejibu, alijua wa sokoni watakwenda. Na wa sokoni, bila shaka, walijua kwamba Kamanda yupo.

Mama Birika alisimama na pepeo lake. Jana mchana alikuwa pale pale, kwenye jiko lile lile, akazisikia zile tatu fupi, kisha mji mzima ukilia. Akasema kwa sauti, "Maskini, huyo keshapata watu," akamimina kikombe kilichofuata. Hakujua ni wifi yake. Lakini hata kama angekuwa wifi wa mtu mwingine, daraja lilikuwa pale.

– Si kitu, alisema fundi cherehani. Sikuja kugombana na mtu. Basi niambieni hili moja tu, nirudi nikapumzike. Siku nyingine nikipiga, halafu nikawasikia mnajibu, nishikilie au niachie?

Kamanda alimtazama Hakimu. Hakimu alimtazama Redio. Redio alimtazama Mama Birika, na Mama Birika, aliyekuwa amewagombeza wote tangu asubuhi, akalitazama daraja.