Moshi wa Injinia

Kijiwe chetu ni taruma moja kuukuu la reli lililolazwa juu ya mawe kama benchi, pembeni mwa nyumba za baraza hapa Bondeni. Mimi ndiye mwenye birika la kahawa, na vikombe ni vyangu, kwa hiyo nasikia kila uongo unaosemwa Nakuru kabla haujapoa. Wateja wangu wa kudumu ni watatu. Karanja ni fundi viatu, tunamwita Askofu kwa sababu ana aya ya Biblia kwa kila jambo. Kosgei tunamwita Burma, kwa kuwa alipigana huko, na mpaka leo, mwaka huu wa hamsini na saba, hajarudi vizuri. Wa tatu ni Kipketer, anayepaka grisi magurudumu ya treni. Huyo ndiye Injinia.

Jumamosi moja Injinia alikuja akikohoa, macho mekundu, na chupa ndani ya koti. Mke wake alikuwa ameenda na mtoto kwa mama yake Rongai, na alikuwa anarudi siku hiyo hiyo. Mwanamume akiachwa peke yake wiki nzima hupika ugali mbichi au hutafuta elimu. Huyu alitafuta elimu.

— Nimetengeneza asidi, akasema.

Burma akasogea mbali kidogo. Askofu akasogea karibu.

Injinia akatueleza. Betri ya redio yake ilikuwa imekufa, na fundi wa gereji alikataa kumpa asidi, akimwambia hicho si kitu cha kuweka nyumbani. Basi akakumbuka mama yake. Mama alikuwa akifukiza kibuyu cha maziwa kwa kijinga cha moto, moshi unaingia, maziwa yanakaa humo na kugeuka kitu kingine kabisa. Akajiuliza, na moshi wa kiberiti je? Akapata kiberiti chenyewe, unga ule wa manjano wa dawa ya kondoo, kutoka shamba moja la Bahati, akauwasha, akakinga moshi wake ndani ya kibuyu chenye maji, akatikisa.

— Mara ya kwanza nilifunga dirisha, akasema. Hapo nilikosea. Nilitoka kwa magoti. Mara ya pili nilifanyia nje, kitambaa chenye maji puani. Jogoo wa jirani alipita hapo akakohoa kama mtu.

— Wahenga walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, Burma akasema.

— Hiyo inaingia wapi hapa? Askofu akauliza.

— Itaingia tu.

Injinia akaomba kikombe. Nikampa. Akamimina maji ya ile chupa, akadumbukiza kipande cha magadi ya ziwani. Maji yakachemka. Hakukuwa na moto wala mkaa, na kikombe kilikuwa baridi mkononi, lakini maji yalichemka na kuimba. Mimi nimechemsha maji maisha yangu yote, na nakwambia nywele zilinisimama.

Hakuishia hapo. Akamwaga, akamimina mengine, akachuma ua jekundu kwenye uzio, akalizamisha. Tukainamisha vichwa vinne juu ya kikombe kimoja. Wekundu ukaanza kuondoka polepole, kama mtu anayeaga, mpaka ua likabaki jeupe. Askofu alivua kofia.

Alipomaliza nilikichukua kikombe, nikakitumbukiza kwenye ndoo na vingine, nikachomoa vitatu, nikawajazia tena kahawa.

— Moto na kiberiti, Askofu akasema kwa sauti ya chini. Hii ndiyo ilimaliza Sodoma. Na wewe umeipika uani.

— Menengai inatoa moshi kama huo, Burma akasema. Sasa nimeelewa wale ndege, heroe. Zamani heroe wote pale ziwani walikuwa wekundu. Moshi wa mlima ukashuka, wengine wakapauka. Ndiyo maana unaona wengine weupe.

Lilikuwa neno la kijinga, lakini baada ya kuona lile ua, nani angebisha?

— Basi kama ni hivyo... Askofu akaanza, akavaa tena kofia.

Burma akatazama barabara kushoto na kulia, kwa sababu siku hizi neno moja linaweza kukulaza ndani. Kisha akanong'ona:

— Basi hata wazungu walipitishwa ndani ya kibuyu.

Tulicheka mpaka Injinia akakohoa machozi.

— Kibuyu gani?

Alikuwa Chepkurui, mke wake. Alikuwa amefuata ufunguo, mtoto mgongoni, mkebe wa maziwa mkononi, na jirani mwenye jogoo alikuwa ameshamweleza habari ya moshi na kibuyu.

— Umefika, mama Sally, Injinia akasema. Karibu.

— Nimeuliza ulitumia kibuyu gani.

— Kile cha ukutani. Usiwe na wasiwasi, nilikisuuza. Hata harufu niliitoa, nikakifukiza tena kwa kijinga kama mama, nikarudisha.

— Ukutani viko vitatu. Kimoja cha wageni. Kimoja mama yangu alinipa siku ya harusi. Kimoja cha huyu mtoto. Ni kipi?

Injinia akasema ni kile kirefu. Mke akamwambia vyote ni virefu. Akasema chenye shanga. Vyote vina shanga. Miaka yote amekunywa humo, na kumbe hajawahi kuvitazama. Mtu aliyetuonyesha maji yakichemka bila moto aliinamisha kichwa, na nilimwonea huruma.

Mtoto akaanza kulilia maziwa. Chepkurui akatazama chupa na lile ua jeupe, akanigeukia mimi, kwa heshima kabisa.

— Mzee, niazime kikombe. Lakini kwanza niambie, hiyo dawa yake alionyeshea kwa kipi?

Nikatazama vikombe vyangu. Vyote vyeupe, vyote na mstari wa bluu mdomoni. Viwili kwenye ndoo, kimoja kwa Askofu, kimoja kwa Injinia, kimoja kwa Burma, ambaye alikuwa amekifikisha mdomoni.

Burma akakiteremsha taratibu, akakiweka chini. Wengine wakafuata.

Chepkurui hakungoja jibu. Aliketi kwenye taruma letu, akampakata mtoto, akafungua mkebe. Akamimina maziwa kidogo kwenye kiganja chake, mtoto akanywa humo, kisha akamimina mengine.