Vipande Vyenye Njaa: Maisha ya Jairos Mwewa, 1917–1957

Ndugu wa Nchelenge, na wageni mliovuka ziwa kutoka Kilwa ya ng'ambo kuja kutufariji, haya ni maisha ya Jairos Mwewa kama familia yake inavyoyajua. Yameandikwa kwa Kiswahili ili wa ng'ambo nao wasikie, na yanasomwa na mdogo wake, Sampa. Marehemu hakupenda habari zilizotiwa chumvi, kwa hiyo hapa hakuna kilichoongezwa.

Jairos alizaliwa tarehe 14 Machi 1917 kando ya ziwa dogo la Mofwe, karibu na Mwansabombwe, mtoto wa tatu wa mzee Mwaba, mvuvi. Alitarajiwa kushika nyavu kama baba yake, lakini mtumbwi ulimtapisha tangu utotoni, na ndugu zake hawakuacha kumtania kwa hilo mpaka mwaka huu.

Alisoma shule ya misheni kuanzia 1926 hadi 1932 akamaliza darasa la nne. Mwalimu aliwapa kila mmoja mbegu ya kunde aipande. Jairos aliifukua yake kila asubuhi aone kama imeota, mpaka ikafa. Siku ya kukagua wengine walisingizia kuku. Yeye alisimama akasema, "Ya kwangu nimeiua mwenyewe, mwalimu." Darasa zima lilicheka.

Mwaka 1934 alivuka mto Luapula kwenda mjini Elisabethville, akafanya kazi miaka kumi na miwili katika bustani ya hospitali. Huko alijifunza Kiswahili, na akajifunza kuozesha majani na takataka mpaka ziwe chakula cha udongo. Alirudi nyumbani 1946. Tarehe 19 Juni 1948 alifunga ndoa kanisani na Matildah Mubanga, binti wa Mama Olipa Nkonde, mfanyabiashara wa samaki wakavu ambaye wengi wenu mmewahi kubishana naye bei mkashindwa. Mungu aliwajalia watoto watatu.

Kwa desturi yetu, mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani usoni wala hawaongei ana kwa ana mpaka wazee wafanye sherehe ya kuwafungulia njia. Kila mwaka Jairos aliahidi kuifanya baada ya mavuno. Mavuno yakapita, sherehe haikufanyika. Mama Olipa akipita njiani, mkwewe aliingia majanini kama aliyemwona simba.

Mwaka 1952 idara ya kilimo ilimwajiri kuwa karani wa shamba la majaribio hapa Nchelenge. Mnajua mchanga wa pwani yetu ulivyochoka. Mtu analima mihogo mahali pale pale mpaka inatoa mizizi ya unene wa kidole, kisha anahama. Jairos aliamini kuwa matumbo na magamba ya samaki tunayotupa, yakiozeshwa na nyasi na majivu, yangeurudishia mchanga nguvu, na watu wangekaa walipo. Tarehe 16 Novemba 1953 alipanda mihogo ya aina moja, siku moja, katika vipande vinane. Vinne alivilisha mbolea hiyo. Vinne hakuvipa kitu, ili baada ya miezi ishirini tofauti ionekane kwenye mizani.

Julai 1955 mizani ililetwa. Vilivyolishwa vilitoa wastani wa ratili mia mbili na kumi na mbili, na visivyolishwa mia mbili na tano. Mzungu wa kilimo alifunga daftari lake. Alisema kulisha na kutolisha ni mamoja, mchanga huu umekwisha, na shamba lingefungwa. Jairos alichota udongo wa kipande kisicholishwa, akaona magamba ya samaki yanang'aa mkononi mwake.

Jioni hiyo alimuuliza mkewe, na Matildah akamuuliza mama yake. Mama Olipa hakuficha. Kila Jumapili Jairos akiwa kanisani, yeye na jirani zake walibeba vikapu vya mbolea kutoka kwenye shimo la Jairos mwenyewe, wakavimwagia vipande visivyolishwa.

"Niliona mihogo ya mukwe wangu inakonda," alisema. "Batu banapita mu njia banacheka, banasema bwana ya Matildah hajue kulima. Mi ninyamaze, na mi ni mama?"

Matildah anasema mumewe hakulala vizuri siku tatu. Akinyamaza, pwani nzima ingeambiwa mchanga wake umekufa, na ni uongo. Akisema, angemtaja mama mkwe wake kwa ubaya mbele ya mgeni, jambo ambalo mtu wa kwetu halifanyi. Siku ya nne alimwendea mzungu akamwambia, "Vile vipande vinne vyenye njaa navyo vililishwa. Hesabu yetu ni ya bure." Aliulizwa ni nani aliyevilisha. Aliulizwa mara tatu, akasema tu kwamba kosa ni la mlinzi wa shamba, na mlinzi ni yeye. Hapo hapo alivuliwa ukarani akapewa jembe la kibarua, na barua ya kufunga shamba ikaandikwa.

Mama Olipa alipopata habari aliacha samaki wake juani, akapita katikati ya shamba mpaka kwa mzungu, Jairos akiwa amesimama hapo hapo na jembe lake. Mzungu yule alikuwa ametoka Tanganyika, alikijua Kiswahili.

"Ni miye," alisema Mama Olipa. "Nilipatia mihogo chakula juu ya huruma. Huyu mutoto hana kosa. Mumurudishe, na ile kazi muianze tena. Safari hii mi mwenyewe nitachunga."

Barua ilichanwa. Mihogo ilipandwa upya tarehe 22 Novemba 1955, na Mama Olipa akawa mlinzi wa vipande vyenye njaa, fimbo mkononi. Mwanamke yeyote aliyevionea huruma alikiona cha moto. Tangu siku hiyo yeye na Jairos walizungumza, lakini kwa Kiswahili cha sokoni tu, maana katika lugha ya nyumbani haya bado iliwashika. Sherehe haijafanyika mpaka leo, na familia inasikitika kwa hilo.

Mwezi wa Februari mwaka huu miguu ya Jairos ilianza kuvimba. Hospitali ya misheni ilisema ni figo. Tarehe mosi Julai mzungu alikuja kumwona, akajitolea kuipima mihogo siku ile ile ili mgonjwa ajue jibu. Jairos alitamani sana kulijua. Lakini alijibu, "Hapana, bwana. Miezi haiyatimia."

Alhamisi, tarehe 11 Julai, Mama Olipa aliingia chumbani mwake, jambo lisiloruhusiwa. Alikaa mkekani karibu na kichwa chake.

"Mama," Jairos alisema, "bile bipande bingali na njaa?"

"Bingali na njaa, baba."

"Mubiache."

Alifariki saa tisa alasiri, akiwa na umri wa miaka arobaini.

Ameacha mjane, Matildah. Watoto Beauty, Chanda na Nsama. Mdogo wake Sampa. Na Mama Olipa Nkonde, ambaye leo ameomba aandikwe pamoja na watoto na kuitwa mama yake. Kaburi hili liko hatua thelathini kutoka shambani. Tunajua desturi ya kumwaga majivu ya moto wa matanga kwenye mihogo ya marehemu, na tunajua mnampenda. Familia inawaomba msimwage hata kiganja. Mizani itakuja Jumatatu, tarehe 22, na jibu litakuwa la kweli, liwe lipi.

Bwana ampokee mtumishi wake, na udongo huu umpe pumziko.