Mwalimu Aliyefundisha Njia za Umeme wa Moyo, 1951–2023

Ndugu waombolezaji, kwa ruhusa ya mzee wetu mwenye bucha, mume wake, sisi familia tunamshukuru Mwenyezi Mungu na tunawasomea maisha ya mama yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Mwalimu.

Mwalimu alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, nyumbani, mtoto wa nne kati ya saba, baba yake akiwa seremala na mama yake mshona nguo. Alianza shule ya msingi mwaka 1958, akaingia chuo cha uuguzi Januari 1970, akahitimu Novemba 1973, na baada ya kufanya kazi wodini miaka mitano alirudishwa chuoni hapohapo, tarehe 2 Januari 1979, kufundisha mwili wa binadamu.

Kila Jumanne asubuhi alinunua moyo wa ng'ombe kwa ajili ya somo, na hapo ndipo alipomkuta mzee wetu, wakati huo kijana mwenye aproni nyeupe, ambaye desturi yake ilikuwa kuupasua moyo katikati ili mteja aone ni wa leo. Mwalimu alimwambia, "Kaka, umeniharibia njia yote, nataka mzima." Mzee wetu akampa mzima, wiki baada ya wiki, hadi mwezi wa tano akashindwa kuvumilia, akamuuliza, "Dada, kwani kwenu hamli kitu kingine?" Mwalimu akajibu, "Hatuli, tunausoma." Mzee akauliza umeandikwa nini, na Mwalimu akamwonyesha palepale juu ya gogo la kukatia nyama, wateja wakisubiri, kwamba juu upande wa kulia kuna mahali padogo panapoanzisha pigo, umeme ukatambaa vyumba vya juu, ukafika kituo cha kati, ukangojeshwa kidogo ili damu iwahi kushuka, kisha ukateremka kwa njia mbili, kulia na kushoto, hadi kwenye nyuzi nyembamba zinazouambia moyo ukaze. Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 15 Desemba 1979, wakajaliwa binti mwaka 1981 na mapacha wa kiume mwaka 1985.

Mwanzoni mwa mwaka 2008 Mwalimu alianza kusimama katikati ya ngazi za chuo, akijifanya anafunga kiatu. Alijipima mapigo kwa saa yake ya mkononi, akapata thelathini na nne kwa dakika, na yeye aliyefundisha mapigo karibu miaka thelathini akaamua kwamba saa inakimbia. Aliipeleka kwa fundi saa, fundi akasema, "Mama, saa haina kosa," Mwalimu akamjibu kwamba basi kosa liko kwenye macho ya fundi, akanunua saa nyingine, nayo ikamletea thelathini na nne, akaondoka akilaumu duka. Wanafunzi wake aliwapima kwa saa ileile na kila mmoja akawa na sabini na kitu, lakini hilo hakulitilia maanani.

Jumanne, tarehe 6 Mei 2008, akiwa na kisu mkononi na moyo mezani, alisema, "Hapa kituo cha kati ndipo umeme hungojeshwa," akaanguka. Wanafunzi walimbeba wakavuka naye uwanja hadi hospitali, akapimwa umeme wa moyo, na alipozinduka karatasi ya kipimo ilikuwa mikononi mwa mwanafunzi mmoja waliyemwita Kimya, ambaye mitihani miwili ilikuwa imemshinda. Kimya alisoma, "Mwalimu, vyumba vya juu vinapiga sabini na nane, vya chini thelathini na mbili, na havisikilizani kabisa." Mwalimu akasema, "Umehesabu vibaya, rudia." Kimya akarudia, akasema ni vilevile. Mwalimu aliomba miwani yake, akaitazama karatasi muda mrefu, akasema, "Mpeni maksi zake zote."

Hata hivyo alitaka asubiri mpaka mitihani ya Juni iishe, na daktari alipomwambia kwamba huenda Juni asiifikie, aligeukia ukutani. Mzee wetu alikaa kitandani, bado na aproni, akamwambia, "Mke wangu, kila siku unawaambia watoto wa watu kwamba njia ikikatika huwekwa waya. Mimi mkata nyama nimeelewa, wewe unangoja nini?" Mwalimu akacheka, akatia sahihi. Alhamisi, tarehe 8 Mei, aliwekewa betri ya moyo chini ya mfupa wa mtulinga wa kushoto, waya mbili zikapitishwa ndani ya mshipa hadi vyumba vya kulia, na kwa kuwa hakulazwa usingizi alimwelekeza daktari njia nzima, hadi daktari akamwambia, "Mama, leo wewe ni mgonjwa."

Baada ya hapo alipanda ngazi akiwapita wanafunzi, alistaafu mwaka 2011, alicheza kwenye harusi za mapacha wote wawili mpaka bibi harusi mmoja akaomba kupumzika, aliona wajukuu watano, na mwaka 2017 alibadilishiwa betri, akarudi nyumbani akijisifu kwamba yeye ni mpya.

Mwaka 2022 figo zilianza kudhoofika, kisha Septemba mwaka huu akapata homa ya mapafu, na Alhamisi, tarehe 19 Oktoba 2023, saa nne asubuhi, Bwana alimwita. Mashine ya umeme wa moyo kando ya kitanda iliendelea kuchora vistari vyembamba, mzee wetu akakataa kuuachia mkono wake, akisema, "Bado anapiga." Muuguzi mkuu wa wodi, ambaye ni yule Kimya, aliigeuza mashine imwelekee akasema, "Baba, hiyo ni betri inabisha hodi, moyo wenyewe haujibu tena." Mzee akauliza, "Kwa hiyo haimzuii kwenda?" Akajibiwa, "Haimzuii, Baba," naye akauachia mkono.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mlioleta viti na kupika bila kuombwa, walimu wenzake, na fundi saa, ambaye yuko hapa na amesamehe. Mzee wetu ameomba isomwe pia hesabu aliyoifanya mwenyewe, kwamba tangu siku ile ya waya Mungu alituongezea naye miaka kumi na mitano, miezi mitano na siku kumi na moja, na kwamba hana la kudai.

Mwalimu, mama yetu, kaa sasa katika amani ya Bwana, upumzike.