Ephantus Nyaga Njoka, Mjazaji Mafuta wa Magari ya Deraya

Wachungaji wetu, wazee, majirani wa Kyeni, na ninyi mliotoka Meru alfajiri ili muwe nasi, tunawasalimu kwa jina la Bwana. Mimi ni Wambura, mtoto wa kwanza wa marehemu, na familia imenituma niwasomee maisha ya baba yetu, ambayo mengi aliyaandika mwenyewe katika kitabu cha mazoezi tangu Januari mwaka huu, akanikabidhi na kuniambia, "Usipunguze kitu, hata pale nilipokosea."

Ephantus Nyaga Njoka alizaliwa tarehe 14 Machi 1952, hapa hapa Kyeni, Embu, akiwa mtoto wa nne wa marehemu Mzee Njoka na marehemu Mama Wambura, ambaye mimi nimebeba jina lake. Alianza shule ya msingi mwaka wa 1961, akaacha mara mbili kwenda kuchunga mbuzi kwa wajomba zake upande wa Mbeere, akarudi mara mbili kwa hiari yake, akamaliza darasa la saba mwaka wa 1969, na kwa kuwa karo ya sekondari haikupatikana alibaki nyumbani akichuma kahawa na baba yake.

Tarehe 6 Septemba 1971 alichaguliwa kujiunga na jeshi katika uwanja wa Embu, akapelekwa Lanet, Nakuru, kwa mafunzo, kisha akapangiwa kikosi cha magari ya deraya, yale madogo ya magurudumu manne yaliyoitwa Ferret, ambayo hata wakati huo yalikuwa makuukuu. Alitamani sana kuwa dereva, lakini siku ya kwanza alipoingizwa ndani, kwa urefu wake, magoti yaligonga usukani na kichwa kikagonga chuma, afisa akacheka na kumwambia, "Nyaga, wewe tutakupa kazi ya nje," na ndivyo alivyopewa kazi ya kujaza mafuta.

Baba aliipenda kazi hiyo kuliko tunavyoweza kueleza. Hakukuwa na kituo cha petroli kule walikofanyia mazoezi, mafuta yalifika kwa mapipa ya lita mia mbili, yakanyonywa kwa pampu ya kuzungusha kwa mkono, yakaingia katika majerikani ya chuma yenye mwaka wa kutengenezwa umechapwa ubavuni, na kutoka hapo yakamiminwa ndani ya tangi kupitia faneli kubwa ya shaba. Juu ya faneli ilitandikwa ngozi laini iliyoloweshwa petroli, ambayo ilipitisha petroli na kuyazuia maji, na Baba alituambia kwamba mtu akiwa na haraka huichukia ngozi hiyo, maana mafuta hupita polepole mno. Aliweza kujua pipa limebakiza kiasi gani kwa kulipiga kofi moja. Sisi watoto tulikua tukiteka maji kwa jerikani moja la kijani alilouziwa lilipoondolewa kazini, na ingawa Mama alilisugua kwa majivu na maji moto wiki nzima, chai ya nyumbani kwetu ilikuwa na harufu yake, na mpaka leo nikipita karibu na petroli mimi hukumbuka asubuhi za Kyeni.

Sasa nafika mahali ambapo Baba alinikataza kuruka. Tarehe 9 Novemba 1978, kaskazini ya Isiolo, msafara wao ulitaka kuvuka laga, yaani mto mkavu wa mchanga, kabla mvua haijanyesha, na lori lililobeba faneli na ngozi lilikuwa limekwama nyuma. Hakuna aliyemwamuru, aliandika hivyo na kupiga mstari chini yake, ila yeye mwenyewe aliona mawingu, akafungua jerikani na kumimina moja kwa moja kwenye tangi la gari la rafiki yake mkubwa, dereva Muthamia wa Kaaga, Meru. Mafuta yale yalikuwa na maji. Gari lilipokuwa likipanda ukingo wa pili injini ilikohoa, ikazima, gari likateleza kwa nyuma na kupinduka, na mguu wa kulia wa Muthamia ukapondwa, ukakatwa siku tatu baadaye.

Uchunguzi ulisema ni ukingo mbaya, na Baba angeweza kunyamaza, lakini alikwenda mbele ya mkubwa wake akasema ni yeye, akavuliwa cheo cha koplo, kisha akaomba ruhusa akaenda hospitalini, akasimama kando ya kitanda na kumwambia rafiki yake, "Ni mimi. Sikuchuja." Muthamia aligeukia ukuta.

Tangu hapo kila likizo Baba alipita Embu bila kushuka, akaenda Kaaga, akapasua kuni, akakata majani ya ng'ombe, akarekebisha paa la mama yake Muthamia, Mama Kajuju, na Muthamia akamwona na asimsalimie. Ilikuwa hivyo hadi Desemba 1982, ambapo Muthamia alitoka nje kwa magongo, akamwita na kumwuliza, "Nyaga, wewe unakuja kwa sababu yangu, au kwa sababu ya dada yangu?" Baba akaweka shoka chini, akasema, "Nilianza kwa sababu yako." Mzee Muthamia yuko hapa leo, ameketi karibu na Mama, na Alhamisi tulipomsomea maneno haya kuomba idhini yake alisema, "Soma yote, lakini ongeza kwamba nilimsamehe, na kwamba ilinichukua miaka minne, mtu asije akadhani ni jambo rahisi."

Tarehe 17 Desemba 1983 Baba alifunga ndoa na Mama yetu, Gladys Nkirote, kule Kaaga, na Muthamia ndiye aliyemsindikiza dada yake hadi madhabahuni. Mungu aliwajalia watoto watatu, mimi Wambura mwaka wa 1984, Njoka mwaka wa 1987 na Kajuju mwaka wa 1990, pamoja na wajukuu saba. Baba alirudishiwa cheo, akapanda hadi sajini, akastaafu tarehe 30 Juni 1992, akafanya kazi katika kituo cha petroli mjini Embu hadi mwaka wa 2011, ambako wateja walimjua kama yule mzee anayemimina kwanza kidogo kwenye chupa ya kioo na kuiinua juani, hata kama foleni imefika barabarani.

Mwezi wa Julai 2022 mhadhiri mmoja wa chuo kikuu kilichoko Nchiru, Meru, Bwana Kiunga, alisikia habari zake, kwa sababu wanafunzi wake walikuwa wakifufua Ferret moja iliyonunuliwa kama chuma chakavu, na hawakujua pampu na faneli walizopewa pamoja nayo zilitumikaje. Baba alikwenda na Muthamia. Alimkuta msichana akitaka kumimina petroli kwa chupa ya plastiki iliyokatwa, akamwambia, "Weka chini hiyo, mama, hebu kwanza tukae," akawafundisha siku mbili nzima, na injini ilipoguruma Muthamia akasema, "Sasa mimi nina mguu mmoja na wewe bado ni mrefu, nani ataliendesha?" Baba alirudi nyumbani akicheka, na kuanzia hapo alikwenda Nchiru kila mwezi.

Machi 2024 alianza kuugua mapafu, akatibiwa Embu, akapata nafuu, akalazwa tena tarehe 21 Aprili mwaka huu. Asubuhi ya Jumamosi, tarehe 3 Mei 2025, alimwuliza Mama kama amekunywa chai, Mama akasema bado, akamwambia, "Nenda ukanywe, mimi nipo," na aliporudi Baba alikuwa amelala usingizi wa mwisho, akiwa na miaka sabini na mitatu.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia kwa upole, majirani waliokesha nasi na kutupikia, askari wenzake wastaafu, wafanyakazi wenzake wa mjini Embu, wanafunzi wa Nchiru ambao tangu jana wamechimba kaburi, wamebeba viti na kuteka maji kama watoto wa nyumba hii, na jamaa zetu wote wa Kaaga.

Nasi watoto wako, Baba, tunasema asante kwa kutuachia maisha tunayoweza kuyasoma yote hadharani, mbele ya mama yetu na mbele ya mjomba wetu, bila kuinamisha vichwa. Lala kwa utulivu, Sajini Nyaga, hadi tutakapoonana.