Reb Zelig na Zaburi ya Kuinamisha Kichwa

Reb Zelig Brodner, tunayemsindikiza leo, alizaliwa hapa Safed tarehe 3 Mei 1913, mtoto wa tatu wa Reb Anshel, fundi wa kupaka chokaa, na Bi Keila. Alisoma chuo cha dini kwa Reb Mottel hadi alipotimiza miaka kumi na mitatu, kisha akashika kazi. Alikuwa fundi wa majiko ya mafuta ya taa, na kina mama wa mtaa walimwamini kuliko daktari.

Mwaka 1939 alimwoa Hinda, wakajaliwa Yoel na Mirel. Agosti 1950 Yoel, mwenye miaka saba, aligoma kwenda chuoni akisema miguu inamuuma. Marehemu alidhani ni uvivu, akamzaba kofi. Kumbe ilikuwa polio. Wiki hiyohiyo mtoto alizikwa.

Tangu hapo, kila asubuhi sinagogi lilipofika kwenye zaburi ya kumwomba Mungu asituadhibu kwa hasira, ile tunayoisoma tumelaza uso juu ya mkono, yeye hakuinuka na wenzake. Getzel, mtunza sinagogi, alimtania: "Reb Zelig, umepitiwa na usingizi huko chini? Watu tunataka chai!"

"Kanyweni. Mimi sijajibiwa."

Wengine walicheka. Tuliokaa benchi lake hatukucheka, maana tulimsikia: "Nilimrudi mwanangu kwa hasira. Wewe usinifanyie hivyo." Sauti ile hatukuizoea kamwe.

Januari mwaka huu wa 1992 alilazwa kwa ugonjwa wa moyo. Tarehe 11 Februari mjukuu wake, mtoto wa Mirel, aliyerithi jina la mjomba wake Yoel, alioa. Kama mjuavyo, mbele ya bwana harusi zaburi ile haisomwi, wiki nzima ya harusi, kwa kuwa ni siku za furaha. Kesho yake asubuhi kijana alikwenda hospitali. Babu alipoanza kuulaza uso mkononi, akamzuia.

"Babu, leo haisomwi. Yoel yupo."

Alimtazama sana. "Yupo?"

"Nipo, Babu."

"Na kesho?"

"Nitakuja. Unadhani mke wangu atanifungia ndani?"

Alikuja kila siku, na babu hakuinama tena. Alifariki Jumapili asubuhi, tarehe 16, wiki ya harusi haijaisha. Kama alijibiwa, sisi hatujui, na hilo linatunyima raha.

Ameacha mjane, Hinda, binti, Mirel, mkwe, anayewasomea haya, na mjukuu, Yoel, na mkewe Perel. Wiki hii tutasali nyumbani kwake, na katika nyumba ya msiba pia zaburi ile haisomwi.

Pumzika, Reb Zelig. Inua kichwa.