Mukhisa Alipoitwa Matanga

Benchi lenyewe ni langu. Nililitengenezesha kwa mbao kuukuu, nikaliweka hapa Kanduyi kando ya barabara ndio wateja wa kahawa yangu wapate pa kukalia. Sikujua ninajenga bunge. Kila asubuhi wanafika hawa watatu, wanaoniita Kukhu, yaani nyanya: Sifuna tunayemwita Spika, karani aliyestaafu kila kitu isipokuwa mdomo, Kizito, fundi wa pampu za maji, anayejiita Injinia, na Kimeli wa Mlimani, aliyeteremka Elgon kuuza viazi akasahau kupanda. Wa nne alikuwa Mukhisa. Leo nafasi yake ilikuwa wazi. Alfajiri alianguka uani kwake, mkono ukalegea, mdomo ukaenda upande, wakamkimbiza hospitali. Na hawa wakakaa kubishana ni nini kimemwangusha, kama watu wanaotafuta mwizi wa kuku na manyoya yamewajaa mdomoni.

— Ni kule kutembea, Spika akaanza. Presha na mbio ni petroli na kiberiti.

— Aliacha kutembea tangu mavuno, nikamwambia.

— Ndio hivyo, Kukhu. Hiyo sumu hukaa mwilini ikingoja.

Wacha niseme ilivyokuwa. Mukhisa ana presha miaka mingi, na dawa anameza. Nesi alimwambia dawa peke yake haitoshi, mishipa yake ya damu imekakamaa kama mpira wa maji ulioachwa juani. Atembee kila siku, mwendo wa haraka, ule ambao mtu anaweza kuongea lakini kuimba hawezi. Polepole mishipa itajifunza tena kutanuka. Mzee akanunua raba nyeupe za mitumba, akaanza.

Sasa kwetu hapa, mzee akionekana asubuhi anaenda mbio, hana jembe, hana ng'ombe, mikono mitupu, basi kuna maiti mahali. Watu walimfuata wakimuuliza ni nani ametutoka. Jirani mmoja alibeba sukari na kuni mpaka kwake, akamkuta mkewe Sellah akikamua ng'ombe, akamwangukia shingoni akilia. Sellah naye akalia, hata hajui analilia nani.

Hawa watatu waliposikia walicheka mpaka kahawa ikawatokea puani. Wakambatiza Mukhisa jina la Matanga. Kila akipita wanapaza sauti: Matanga, leo tunazika wapi? Na presha ilikuwa inashuka. Aliniambia mwenyewe, kwa sauti ya chini, kwamba nesi alimpima akatabasamu. Lakini mwanamume wa huku atavumilia sindano, kuchekwa hawezi. Raba akazitupa juu ya kabati, akarudi kukaa hapa katikati yao, wakampokea kama mtu aliyeokoka.

Hayo wote walikuwa wameyasahau.

— Mimi naangalia kifundi, Injinia akasema. Paipu kuukuu huwezi kuisukuma na pampu yenye nguvu. Lazima ipasuke kwa kiungo.

— Mukhisa si kisima, nikasema.

— Kukhu, mwili ni maji bana.

— Mwili ni damu, Kimeli akaingilia, na wahenga walisema damu ni nzito kuliko maji. Kitu kizito hakikimbizwi. Sisi kule juu tunakimbia kwa sababu hewa ni nyepesi, damu inakuwa kama strungi, chai isiyo na maziwa. Nyinyi damu yenu ni ugali.

Nikamuuliza yeye alikimbia mara ya mwisho lini. Akasema unaokimbia ni ukoo, si lazima kila mtu.

Spika akaona anapitwa. Akasema si mishipa hata kidogo, ni zile raba. Mzungu aliyezivaa kwanza alikufa na presha, jasho lake likabaki ndani, likapanda kwa nyayo za Mukhisa. Injinia akaunga mkono, ati mishipa yote huanzia kwa nyayo. Kimeli akafunga kwa methali, mtembezi hula miguu yake, akaketi vizuri kama mtu aliyetibu.

Nilikuwa nimeshika birika. Wamshukuru Mungu kifuniko chake hukaza.

Hapo ndipo Nabwile akafika, bintiye Mukhisa anayefanya kazi Kitale. Alikuwa ametoka hospitali, amekuja kuomba maji ya moto kwa chupa. Spika akavua kofia, wakampa pole wote watatu, pole ndefu yenye Mungu ndani. Akasema baba yuko hai, lakini mkono hauinuki, na akiongea hawamwelewi.

— Daktari anauliza kitu, mama analia tu, hajibu, Nabwile akasema. Baba alikuwa anatembea, presha ikashuka. Nani alimwambia aache?

Spika, anayeweza kubishana na mwavuli, akaangalia viatu vyake. Injinia akapindua kikombe, akakagua kitako kama kuna ufa. Kimeli akatoa sarafu za kahawa, akaanza kuzihesabu.

— Si nyinyi ndio marafiki zake? Lazima mnajua.

Lori la miwa likapita, vumbi likatuangukia sote. Hakuna aliyelipangusa.

Nilimjazia Nabwile chupa, akaenda. Spika akanyoosha kikombe kwangu bila kuniangalia, mradi mkono uwe na kazi. Birika lilikuwa zito, limejaa nusu, na mvuke unatoka.

— Kahawa imeisha, nikamwambia. Inukeni kwa benchi langu.